Makaro mapya: muvumilie siku tatu

Fundi amemaliza kuweka makaro ndani ya dushi, na watoto wanataka kuoga leo leo. Muwazuie kwanza. Ile simenti ya katikati ya makaro inashika juu mbio, lakini ndani ingali laini. Saa 24 za kwanza, mtu asikanyage. Siku 3, dushi isitumike.

Simenti haikomai kwa jua. Inakomaa kwa maji yaliyo ndani yake. Ikikauka mbio, inapasuka, na maji yanapita chini ya karo. Basi kukiwa joto kali, kuanzia kesho yake mupitishe kitambaa chenye unyevu asubuhi na jioni. Siki na ndimu, hapana: vinakula simenti. Karo ikingʼoka, mutalipa fundi mara ya pili.