Mpango wa afya na kipimo chake: kutoka kaunti hadi Merigi

Mpango mkakati wa taasisi ya afya hujibu maswali manne: mahitaji yapi yatangulizwe, nani atafanya nini, fedha zitatoka wapi, na kwa kipimo gani itajulikana kuwa kazi imefanyika. Ukikosa jibu la swali la nne, mpango hubaki kuwa ahadi tu.

Kuhusu nani atafanya nini, Katiba ya Kenya ya 2010 iliiachia serikali ya kitaifa sera ya afya na hospitali kuu za rufaa. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na huduma za ambulensi zilikabidhiwa kaunti, ambazo serikali zake zilianza kazi 2013. Hivyo, mengi yanayoamua hali ya zahanati za wadi ya Merigi, katika eneobunge la Bomet Mashariki, hupangwa na Serikali ya Kaunti ya Bomet. Mgonjwa aliyezidi uwezo wa zahanati anaweza kupewa rufaa hadi hospitali ya kaunti iliyoko Longisa, au Tenwek, hospitali ya kimisheni iliyoanzishwa 1937.

Upangaji huu una kalenda yake. Kila kaunti huandaa Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kutokana na huo, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Zahanati inayohitaji chumba cha kujifungulia haina budi kuwasilisha hitaji hilo karibu mwaka mzima mapema. Ombi linaloletwa Mei hukuta fedha zimekwisha kugawanywa katika makadirio.

Kipimo nacho huanzia kwenye rejista za muuguzi. Jumla za kila mwezi huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya, unaotumia programu ya DHIS2 nchini kote tangu 2011. Kinachopimwa kiko katika ngazi tatu. Kununua vitanda ni kutoa nyenzo. Idadi ya wanawake waliojifungua kituoni ni kazi iliyofanyika. Kupungua kwa vifo vya uzazi ndiko matokeo yenyewe. Taasisi nyingi huripoti zaidi nyenzo kwa kuwa ndizo rahisi kuhesabu.

Kliniki ya wajawazito ni mfano mzuri. Rejista ikionyesha kwamba wengi huhudhuria mara ya kwanza lakini wachache hufika ziara ya nne, kasoro imejulikana, ila chanzo chake bado. Huenda ni umbali, barabara ya matope wakati wa masika, au siku ya kliniki kugongana na siku ya kuchuma chai. Kila chanzo kina dawa yake, na wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaotembelea familia nyumbani, ndio wanaoweza kukitambua.

Takwimu zenyewe huhitaji kusomwa kwa uangalifu. Idadi ya watoto wanaotarajiwa kuzaliwa katika eneo hukadiriwa kutokana na sensa, ya karibuni ikiwa ya 2019. Mama wa Merigi akijifungulia Tenwek, huhesabiwa huko, na zahanati ya kwao ikaonekana imezembea ilhali amehudumiwa vyema. Isitoshe, wahudumu wanapoadhibiwa kwa kila lengo lisilofikiwa, tarakimu huanza kupikwa.

Kupima bila uwezo wa kurekebisha hakuna faida. Sheria ya 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inaviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato vinayokusanya na kuyatumia kwa huduma zao. Kwa njia hiyo, msimamizi na kamati ya kituo wanaweza kuziba pengo dogo bila kungoja bajeti ijayo, huku upungufu mkubwa, kama ule wa wauguzi, ukipelekwa katika mpango wa mwaka unaofuata pamoja na takwimu za kuuthibitisha.