Je, Wajua? Kombora la Mzinga na Waliolitengeneza

Je, wajua kwamba uhaba wa makombora ulichangia kuanguka kwa serikali ya Uingereza? Mwezi Mei 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, shambulio la Aubers Ridge nchini Ufaransa lilipogonga mwamba, mwandishi wa habari za kijeshi wa gazeti la The Times, Charles Repington, aliripoti kuwa jeshi limeponzwa na upungufu wa makombora. Siku chache baadaye Waziri Mkuu Asquith alilazimika kuunda serikali ya mseto, na David Lloyd George akakabidhiwa wizara mpya kabisa, ya zana za vita.

Je, wajua kuwa ganda la chuma halikuwa kikwazo pekee? Kombora halifai kitu bila fyuzi ya kulilipua, na fyuzi ni kazi ya vipande vidogo vinavyotakiwa kukerezwa kwa vipimo vya hali ya juu. Maganda yalikaa yakingoja fyuzi.

Mahindi nayo yaliingia vitani. Baruti ya kurushia kombora, iitwayo kodaiti, ilihitaji asetoni, na asetoni ya Uingereza ilitokana na miti, nyingi ikiagizwa kutoka Marekani. Mkemia wa Manchester, Chaim Weizmann, alipata bakteria wanaogeuza wanga wa mahindi kuwa asetoni. Mwaka 1917, chakula kilipoadimika, watoto wa shule walitumwa kuokota mbegu za miti ya chestinati zichachuliwe badala yake.

Je, wajua "uji wa shetani"? Ndivyo Arthur Conan Doyle alivyouita mchanganyiko uliokandwa katika kiwanda cha Gretna, mpakani mwa Uskoti na Uingereza. Wasichana waliingiza mikono kwenye beseni na kukanda nitrogliserini pamoja na pamba iliyolowekwa kwenye tindikali. Kwa mikono! Wanawake wapatao 12,000 walifanya kazi Gretna, wengi wao wakiwa mabinti waliotoka kuwa watumishi wa majumbani.

Wenzao waliojaza TNT kwenye makombora waligeuka rangi ya manjano, ngozi mpaka nywele. Watu waliwaita kanari, kwa jina la ndege wa manjano. Baadhi yao walizaa watoto wenye rangi hiyo hiyo. Sumu ya TNT ilikuwa imeshambulia ini, na wafanyakazi zaidi ya 100 walikufa kwa ugonjwa huo.

Kiwanda cha Barnbow karibu na Leeds kinastahili kukumbukwa kuliko vita vingi vyenye sanamu. Hapo wafanyakazi walikaguliwa mlangoni, kwani kibiriti au hata pini ya nywele ingeweza kuzusha cheche. Usiku wa tarehe 5 Desemba 1916, zamu ya usiku ikiwa ndiyo kwanza imeanza, kombora lililipuka katika chumba namba 42 na kuua wanawake 35. Muda si mrefu wengine walijitolea kuingia chumba hicho hicho kuendelea na kazi. Magazeti yalizuiwa kutangaza msiba huo, na umma haukuelezwa kilichotokea mpaka miaka kadhaa baada ya vita.

Je, wajua haraka ya viwandani ilileta nini? Kabla ya shambulio la Somme la tarehe 1 Julai 1916, Waingereza walifyatua zaidi ya makombora milioni 1.5 kwa wiki moja. Inakadiriwa kuwa karibu theluthi moja hayakulipuka. Mengi ya yale yaliyolipuka yalikuwa ya gololi za risasi, yasiyoweza kuwafikia Wajerumani waliojichimbia chini kabisa. Askari wa Uingereza 19,240 waliuawa siku hiyo ya kwanza. Wakulima wa Ufaransa wangali wanaibua makombora ya vita hivyo kwa majembe ya matrekta.

Pwani yetu je? Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, ikijifanya ya Denmark, ilishambuliwa na Waingereza ikaishia Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Shehena yake ya silaha iliopolewa majini na Wajerumani, risasi zilizolowa zikafunguliwa, baruti ikaanikwa na kurudishwa. Miezi mitatu baadaye manowari Königsberg ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji. Mizinga yake 10 ikaondolewa, na karakana ya reli ya Dar es Salaam ikaisaidia kupata magurudumu. Baada ya hapo ilikokotwa nchi kavu kwa jasho la Waafrika ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa. Mzinga mmoja upo Fort Jesus, Mombasa.

Je, wajua kombora la milimita 155 la leo linavyotengenezwa? Mjini Scranton, Pennsylvania, kazi hufanyika katika majengo yaliyokuwa karakana ya treni. Vipande vya chuma huingizwa tanurini vikawa vyekundu, mashine ikavitoboa katikati na kuvirefusha, ncha ikabanwa ichongoke. Karibu na kitako huvishwa mkanda wa shaba unaong'ata mifuo ya mtutu ili kombora lizunguke na lisiyumbe hewani. Ganda hupelekwa Iowa kujazwa. TNT huyeyuka kwenye nyuzi 80 hivi za selsiasi, kwa hiyo mvuke watosha kuiyeyusha ili imiminwe. Ikishaganda, kombora hupigwa eksirei, kwani uwazi mdogo tu ndani yake waweza kulilipua likiwa bado mtutuni na kuwaua wapiga mzinga wenyewe.

Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, Marekani ilikuwa ikitengeneza makombora hayo kama 14,000 kwa mwezi. Umoja wa Ulaya uliahidi Ukraine makombora milioni moja hadi Machi 2024. Muda ulipofika yalikuwa yamefika nusu hivi. Na TNT? Marekani ilikuwa imeacha kuizalisha tangu miaka ya 1980, ikitegemea zaidi Poland. Mkataba wa kujenga kiwanda kipya, huko Kentucky, ulitiwa saini Novemba 2024.