Mafuriko ya Rufiji na Msaada Ufikao kwa Wakati

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya watu waliofukuzwa makwao na maji. Wengi wetu tumepata kusikia kwamba mto fulani umefurika, vijiji vimezama, na watu wamekimbilia penye miinuko. Tusikiapo habari hizo huingiwa na huruma, na wengine wetu hutoa kidogo walicho nacho. Lakini msaada una taratibu yake na zamu zake, nao usipofuata zamu hizo hupotea kama maji yamwagwayo mchangani. Leo nataka tuitazame taratibu hiyo hatua kwa hatua, na mfano wetu utakuwa mto Rufiji.

Nianze na swali nililoulizwa darasani. Siku moja nilikuwa nikiwafundisha vijana wa chuo cha ualimu habari za mito ya Tanzania. Nilipofika penye mafuriko ya Rufiji, kijana mmoja mzaliwa wa nyanda za juu akasimama akasema, "Mwalimu, kama mto huu huwafukuza watu mara kwa mara, mbona hawahami wakakaa mbali nao? Kila wakirudi bondeni, sisi twapaswa kuwalisha tena. Je, hatuwalei katika ukaidi?" Wenzake wakacheka. Lakini mwanafunzi mwingine, mwenyeji wa Utete, hakucheka. Akainua mkono akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa nimjibu. Ndugu yangu, mpunga wa babu yangu haumei juu ya kilima." Kisha akaketi, na darasa likanyamaza.

Jibu lile lilikuwa fupi, lakini nililazimika kulieleza kwa kipindi kizima kilichofuata. Nanyi nitawaeleza vivyo hivyo.

Mto Rufiji huanza pale Kilombero na Luwegu zikutanapo, na mbele kidogo hupokea maji ya Ruaha Mkuu. Nchi imwagayo maji yake katika mito hiyo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu sehemu moja katika tano za Tanzania Bara. Mvua inyeshayo Mbeya, Iringa na Morogoro hushuka kwa siku nyingi, hupita katika korongo jembamba la mawe, na mwisho hutokea kwenye uwanda mpana ulio karibu na pwani, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Hapo mto hauna kingo za kuuzuia, nao huenea. Hivyo mtu wa Muhoro aweza kuamka asubuhi jua likiwaka, wala hapana wingu, akaona maji yanapanda mlangoni pake. Maji hayo yametoka katika mvua ambayo yeye hakuiona.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Maji yakienea hupunguza mwendo, na tope jororo lililoletwa kutoka mbali hutuama mashambani. Tope hilo ndilo mbolea ya Warufiji. Wao hupanda mpunga mvua zinapoanza, na mafuriko ya kiasi, ambayo kwa kawaida hufikia kilele chake katika mwezi wa Aprili, huunywesha. Maji yakija mapema mno au yakizidi kimo, mpunga huzama na kuoza. Hapo mkulima amepoteza mazao yake ya kwanza, lakini bado hajapoteza yote. Maji yakishuka, mnamo Mei na Juni, huacha udongo mbichi wenye rutuba. Katika udongo huo hupandwa mahindi, kunde na maboga, nayo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Kilimo hiki wenyewe hukiita mlau.

Angalieni basi jinsi mambo yalivyofungamana. Mafuriko makubwa yaliyoua mpunga ndiyo yaliyotayarisha mlau. Mwenye mbegu mkononi siku udongo unapotokea atakula mwaka ule. Asiye na mbegu atautazama udongo ule mpaka ukauke na kupasuka.

Wakulima hawa walikuwa na ufundi wao wa kukaa na mto. Walijenga vibanda juu ya nguzo ndefu, viitwavyo madungu, wakakaa humo wakati wa kilimo. Kutoka juu ya dungu mtu aliweza kufukuza ndege na nguruwe mwitu, na maji ya kawaida yalipopita chini yake hayakumdhuru. Lakini miaka mingine maji hayakuwa ya kawaida. Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa mno, na baada yake, kuanzia mwaka 1969, Serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bondeni katika vijiji vipya kwenye ardhi ya juu. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina la Operesheni Rufiji. Nia yake haikuwa mbaya, maana watu wakikaa pamoja ni rahisi kuwajengea shule na zahanati. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Mkulima ilimpasa kwenda mwendo mrefu kulifikia shamba lake, na akiwa hayupo, nguruwe na nyani walivuna kabla yake. Wengi wakarudi kujenga madungu, wakawa na nyumba mbili, ya juu na ya chini. Hiyo ndiyo maana ya maneno ya yule mwanafunzi wa Utete.

Mafuriko makubwa yalirudi tena mwaka 2024. Mvua za msimu ule zilizidi kadiri katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, lilikuwa limejaa, na milango yake ikafunguliwa ili maji yapite. Bwawa laweza kuyachelewesha maji, lakini likisha kujaa haliwezi kuyameza zaidi. Mwezi wa Aprili vijiji vya Rufiji na Kibiti vilizama, mashamba yakafunikwa, na watu wakahamia kambini. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 katika nchi nzima, zikajeruhi 236, na kuwadhuru watu wapatao 200,000.

Watu wa namna hiyo wasaidiwe vipi? Zamu ya kwanza ni kuwatoa majini. Hapa wasaidizi wa kwanza ni majirani wenye mitumbwi, kwa sababu mgeni wa mbali hawahi kufika. Yafaa watu wafundishwe mapema kwamba maji yaendayo kasi, hata yakifika magotini tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Tena katika Rufiji mamba na viboko hutembea popote maji yafikapo.

Zamu ya pili ni maji safi, nalo ni jambo la kushangaza kwa wengi, kwamba mtu aliyezungukwa na maji afe kwa kukosa maji. Mafuriko huingia vyooni na visimani, yakachanganya vyote pamoja, na kipindupindu hufuata nyuma. Mashirika ya misaada yana kipimo chao kiitwacho Sphere, kilichoanza kutungwa mwaka 1997. Kipimo hicho chasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji safi kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Debe letu la kawaida huchukua lita zipatazo 18. Basi jamaa ya watu sita yataka lita 90, yaani madebe matano kila siku. Tena choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Mtu asiyejua hesabu hizi hujaza lori unga peke yake, na juma la pili huanza kuchimba makaburi.

Mtoto akishikwa na kuhara, na dawa ya dukani haipo, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa sawasawa bila kilele. Koroga mpaka viyeyuke, umnyweshe kidogo kidogo huku ukimpeleka kwa mganga wa zahanati. Nawasihi wanafunzi waandike kipimo hiki katika madaftari yao. Vyandarua pia vipelekwe mapema, maana madimbwi yabakiayo huzaa mbu.

Zamu ya tatu ni chakula. Kipimo kile kile chasema mtu apate nguvu za kalori 2,100 kwa siku, na unga peke yake hautoshi. Sharti uandamane na kunde au maharage, mafuta na chumvi. Lakini ugumu mkubwa katika chakula ni orodha ya majina. Ikiandikwa faraghani, mjane na mzee asiyeweza kutembea husahauliwa, na asiyestahili huandikwa mara mbili. Dawa yake ni kuisoma orodha hadharani mbele ya wanakijiji wote, kila mtu asikie, na aliyeachwa aseme. Tena wako wasioonekana kabisa, yaani wale waliopokelewa na ndugu zao katika vijiji vya juu. Karani wa kambini hawaoni, wala hamwoni mwenyeji wao, ambaye ghala yake iliyotosha watu watano sasa yalisha kumi na wawili. Mwenyeji huyo asiposaidiwa naye, baada ya miezi miwili kutakuwa na jamaa mbili zenye njaa badala ya moja.

Zamu ya nne ndiyo isahauliwayo kuliko zote, nayo ni mbegu. Tufanye hesabu. Jamaa ya watu sita, kila mmoja akipewa gramu 400 za unga kwa siku, hula kilo 2 na gramu 400. Basi kilo 10 za unga hazifiki siku tano. Lakini kilo 10 za mbegu ya mahindi hupanda ekari moja hivi. Mzigo ni ule ule, na mgongo uuchukuao ni ule ule, lakini mmoja hulisha siku nne na mwingine huleta mavuno.

Mtu asije akaelewa vibaya, akadhani nasema tuache unga tupeleke mbegu. Mama mwenye watoto wanaolia hawezi kuizika mbegu ardhini, ataipika, nami simlaumu. Zaidi ya hayo, mbegu ya dukani mara nyingi imepakwa dawa, na kuila ni hatari. Kwa sababu hiyo mbegu na chakula hupelekwa pamoja, ili chakula kiilinde mbegu mpaka iote. Na yote mawili yafike maji yanapoanza kushuka. Mbegu ya mlau ifikayo Agosti, hata ikiwa malori kumi, ni sawa na ngoma iliyoletwa arusi ikiwa imekwisha. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Labda msikilizaji aliye mbali na mto atauliza, "Mimi nifanye nini?" Kwanza, uliza kabla ya kupeleka. Nguo kuukuu zisizohitajiwa huchukua nafasi ya mbegu ndani ya lori. Fedha kidogo mikononi mwa watu waaminifu walio karibu na mahali pale hununua kitu kinachotakiwa, tena mara nyingi kwa bei nafuu. Pili, usimdharau unayemsaidia. Yeye aujua mto wake kuliko wewe, na akikuambia kwamba ataka jembe kabla ya blanketi, msikilize.

Nanyi mkaao karibu na mito, iwe Rufiji, Tana au mwingineo, kazi yenu huanza kabla ya mvua. Wekeni alama juu ya mti kuonyesha kimo cha maji ya miaka mikubwa, ili watoto wajue. Kubalianeni ni mwinuko gani mtakaokimbilia, na nani atawabeba wazee. Na kila jamaa itoe vibaba vichache vya mbegu nzuri, iliyokauka vema, iwekwe katika chombo kilichozibwa, katika ghala moja ya kijiji iliyo juu, mbali na maji. Siku udongo utakapotokea, hamtamngoja mtu.

Yule kijana wa nyanda za juu alinijia mwisho wa muhula. Hakurudia swali lake la zamani. Aliniuliza, "Mwalimu, mbegu ya kunde huhifadhiwaje isiliwe na wadudu?" Nikamwambia aende kwa mwenzake wa Utete, ambaye alilijua jambo hilo kuliko mimi. Niliwaona jioni ile wameketi pamoja chini ya mwembe, mmoja akieleza na mwingine akiandika.