Kwa Nini Maumivu ya Moto Huja Mara Mbili

Mama anayeepua sufuria bila kitambaa hupatwa na mambo matatu, tena kwa mfuatano usiobadilika. Kwanza mkono huondoka wenyewe, kabla hajafahamu lolote. Mara hiyo hiyo huja uchungu mkali kama wa kuchomwa sindano. Kisha, baada ya nukta kupita, huja maumivu mengine ya taratibu, yenye kuwaka na kupwita, ambayo hukaa kitako na kumsumbua hata jioni. Watu wengi hudhani kwamba hayo yote ni uchungu mmoja unaoongezeka. La hasha. Ni habari mbalimbali zilizotoka kidoleni kwa wakati mmoja, lakini zikasafiri kwa njia zenye mwendo tofauti.

Mishipa ya fahamu, ambayo wataalamu huiita neva, si mirija kama mishipa ya damu. Kila mshipa ni tita la nyuzi nyembamba mno, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja hai. Seli za kuamrisha misuli na zile za kupokea hisia za ngozi hukaa ndani ya uti wa mgongo au kando yake, nazo hunyoosha nyuzi zao mpaka kwenye ncha za vidole. Hivyo uzi unaofika kwenye kidole cha mguu cha mtu mzima waweza kupata urefu wa mita moja, ingawa haumuliki kwa jicho.

Kwa karne nyingi wenye elimu waliamini kwamba habari hupita katika nyuzi hizo mara moja, kama nuru. Hata Johannes Müller, mwalimu mashuhuri wa Ujerumani, alisema kwamba haielekei binadamu atapata njia ya kuupima mwendo huo. Aliyemsahihisha ni mwanafunzi wake mwenyewe, Hermann von Helmholtz. Mwaka 1850 alichukua mguu wa chura pamoja na mshipa wake, akaugusa mshipa huo kwa umeme mahali karibu na msuli, kisha mahali pa mbali zaidi, na kila mara akapima muda uliopita mpaka msuli ukajikunja. Tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini ilikuwapo. Hesabu ilionyesha mwendo wa mita 27 hivi kwa nukta moja, ambao haufikii hata sehemu ya kumi ya mwendo wa sauti hewani.

Baadaye ilidhihirika kwamba hata huo si mwendo wa nyuzi zote. Joseph Erlanger na Herbert Gasser wa Marekani walizipambanua nyuzi kwa unene na mwendo wake, nao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1944. Katika mwili wa binadamu, nyuzi nene za kuamrisha misuli hupeleka habari kwa mita 70 hadi 120 kwa nukta. Nyuzi nyembamba za uchungu mkali wa mwanzo huenda mita 5 hadi 30. Nyuzi nyembamba kuliko zote, ziletazo maumivu ya kuwaka, huenda mita moja hivi tu. Huo ni mwendo wa kilomita 3 na nusu kwa saa, na mwanamke arudiye kutoka sokoni na kikapu kichwani aweza kuupita. Ndiyo sababu ajikwaaye kidole cha mguu huwa na muda wa kuvuta pumzi kabla ya maumivu yenyewe kumfikia.

Na ule mkono ulioondoka wenyewe? Hapo habari haikungoja kufika kichwani. Ilipofika kwenye uti wa mgongo ilipokelewa na seli nyingine, nazo zikaiamuru misuli palepale kuukunja mkono. Ubongo huletewa taarifa wakati kazi imekwisha anza.

MBIU YA KILIMA HADI KILIMA

Siri ya wepesi huo si unene peke yake. Ngisi wa baharini anao uzi wa fahamu wenye unene upatao milimita moja, lakini mwendo wake ni mita 25 hivi kwa nukta. Nyuzi za binadamu, ambazo ni nyembamba mara hamsini na zaidi, humpita ngisi mbali sana kwa sababu zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mielini. Ala hiyo hutengenezwa na seli za jirani ambazo huuzungukia uzi kama mtu anayeviringa kitambaa kwenye mpini wa jembe. Lakini haikuviringwa moja kwa moja. Kila baada ya kama milimita moja huachwa upenyo mdogo, na Mfaransa Louis Ranvier ndiye aliyezieleza penyo hizo katika karne ya 19.

Katika uzi usio na ala, umeme hupokezanwa hatua kwa hatua, kama habari ya msiba inayopelekwa nyumba kwa nyumba katika njia nzima. Katika uzi wenye ala, umeme huruka kutoka upenyo hadi upenyo, kama mbiu inayopigwa kilimani ikapokelewa kilima cha pili, bila kusimama mabondeni. Mtoto mchanga huzaliwa kabla ala hizo hazijakamilika. Mwendo katika mishipa ya mikono na miguu yake ni kama nusu ya ule wa mtu mzima, na huchukua miaka mitatu hadi mitano kuufikia. Hivyo si haki kumwita mtoto wa mwaka mmoja mzembe kwa sababu ameangusha kikombe.

Elimu hii inaeleza pia desturi ya kila mama, ya kumsugua mtoto aliyegonga goti. Nyuzi za mguso ni nene na zimevikwa ala. Habari zake zikifika kwa wingi kwenye uti wa mgongo huzizuia kwa kiasi habari za maumivu zisipite. Ronald Melzack na Patrick Wall walilitangaza wazo hilo mwaka 1965, na ingawa sehemu zake zimerekebishwa tangu hapo, shina lake limesimama. Lakini aliyeungua asisuguliwe. Dawa yake ya kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Maji hayo hupunguza madhara ya moto kwenye ngozi, na ubaridi wenyewe hupunguza mwendo wa habari katika mishipa. Mafuta ya kupikia na dawa ya meno visipakwe.

BAKA LISILOUMA

Yupo adui mmoja aliyeichagua ala hiyo iwe nyumba yake. Ni kijidudu cha ukoma, alichokigundua Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Huishi ndani ya seli zinazotengeneza ala, hasa katika sehemu za mwili zenye ubaridi, kama vile mikono, miguu, masikio na pua. Aghalabu nyuzi nyembamba za joto na maumivu huharibika mapema. Mgonjwa aweza kushika sufuria vizuri kabisa wala asijue kwamba inamuunguza.

Hapo ndipo ulipotokea uvumi kwamba ukoma hula vidole. Mganga Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India, alionyesha kwamba vidole hupotea kwa sababu ya majeraha na mioto isiyosikika, ambayo huoza bila mwenyewe kuitunza. Uvumi ule umewafukuzisha wake nyumbani kwao, na umewafanya wengine walifiche baka chini ya kanga mpaka mkono ukakunjamana.

Baka la ukoma huwa jeupe kidogo au jekundu kuliko ngozi iliyo jirani, tena haliwashi wala haliumi. Lipitishiwe unyuzi wa pamba huku mwenyewe amefumba macho. Asiposikia, aende zahanati wiki hiyo hiyo. Dawa za mchanganyiko zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 hutolewa bila malipo tangu mwaka 1995, nazo huponya kwa miezi 6 au 12. Mara tu matibabu yanapoanza, mgonjwa hukoma kuambukiza wengine. Lakini dawa haifufui mshipa uliokwisha kufa, na aliyechelewa hubaki na mikono isiyosikia moto. Huyo na ashike sufuria kwa kitambaa kinene, avae viatu, akague nyayo zake kila jioni, na maji yake ya kuoga yapimwe na mtu mwingine wa nyumbani. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni afanye vivyo hivyo.