KISUKARI: Mguu usiouma ndio wa kuhofiwa zaidi

MGONJWA wa kisukari anapokanyaga msumari na kuendelea na safari yake bila hata kuchechemea, huenda jamaa zake wakamsifu kwa ushupavu. Kwa daktari, hiyo ni ishara ya hatari. Watu wengi waliokatwa mguu kutokana na ugonjwa huu walianza na jeraha dogo ambalo hawakulihisi.

Kisukari hutokea kongosho linaposhindwa kutoa insulini ya kutosha, au mwili unaposhindwa kuitumia ipasavyo. Insulini ndiyo huiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika seli. Isipofanya kazi, sukari hurundikana damuni.

Ikidumu huko kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu. Ile mirefu zaidi, inayofika kwenye vidole vya miguu, ndiyo huathirika kwanza. Mgonjwa huhisi ganzi, kuchomwachomwa kama kwa sindano, au moto nyayoni wakati wa usiku. Baadaye hisia hizo hutoweka, naye akafurahi akidhani amepona, kumbe mishipa imekufa. Maumivu, ambayo kila mtu huyachukia, ni mlinzi. Anapoondoka, mguu hubaki bila wa kuutetea.

Isitoshe, mishipa ya damu nayo huwa imekuwa myembamba. Damu haifiki vyema miguuni, kidonda hakiponi, viini vinazaana, na nyama huanza kuoza.

Madhara mengi huanzia nyumbani. Katika maeneo yenye baridi, watu huota moto wa jiko la makaa jioni, na asiyehisi joto huungua pasipo kujua. Wengine huloweka miguu katika maji moto yenye chumvi wakitumaini kuondoa ganzi, ilhali hakuna ganzi inayoondoka kwa njia hiyo. Kinachotoka ni ngozi. Wapo pia wanaochonga sugu za unyayo kwa wembe. Viatu vya mitumba navyo vina hila yake: tayari vimefuata umbo la mguu wa mtu mwingine, na vinaweza kusugua kidole kutwa nzima bila mwenyewe kutambua.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Kila jioni mgonjwa aoshe miguu kwa maji vuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko au aliyopimiwa na mtu mwingine, aikaushe hadi katikati ya vidole, kisha achunguze nyayo kwa kioo au amwombe mjukuu amtazamie. Mafuta yapakwe kwenye visigino vilivyokauka, si katikati ya vidole. Kucha zikatwe moja kwa moja bila kuchimbua pembeni. Kabla ya kuvaa kiatu, atie mkono ndani kutafuta kokoto, na akienda kununua viatu aende alasiri, kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku inavyosonga.

Kliniki nayo ina jukumu. Muuguzi anaweza kupima hisia kwa kubonyeza unyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki huku mgonjwa akiwa amefumba macho. Ni shughuli ya dakika chache, isiyo na uchungu, na yapasa ifanywe angalau mara moja kwa mwaka. Kwa vile foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache, mgonjwa asione haya kuvua viatu na kuomba apimwe.

Yote haya hayafui dafu ikiwa sukari yenyewe haijadhibitiwa kwa dawa, mazoezi na kipimo cha chakula. Ugali wa wimbi una wanga kama ule wa mahindi, hivyo rangi yake isiwe kisingizio cha kujaza sahani. Sigara iachwe kabisa, kwani huzidi kubana mishipa ya damu.

Mgonjwa akiona lengelenge, wekundu, usaha au doa la majimaji kwenye soksi, aende hospitalini siku hiyo hiyo, asingoje mwisho wa mwezi. Na mguu ukivimba ghafla na kupata joto bila jeraha lolote, huenda mifupa yake inavunjika bila maumivu: usikanyagiwe hata hatua moja isiyo ya lazima mpaka daktari auone.