Je, Wajua? Soko la Riyadh, Kikapu cha Jeddah

Je, wajua kwamba jina la Souq.com, duka la mtandaoni lililotamba Saudia, unalitaja kila ukienda kununua nyanya? Souq ndilo soko letu hilohilo! Mwaka 2017 Amazon ililinunua kwa dola milioni 580, na Juni 2020 likageuka Amazon.sa.

Ngoja, bado. Zid, kampuni ya Riyadh inayowafungulia wafanyabiashara maduka ya mtandaoni, maana yake ni "zidi". Salla, iliyoanzia Makka mwaka 2016, ni "kikapu". Na Noon, duka jingine la mtandaoni? Ni herufi nun, ile yenye nukta moja juu. Kama ulikaa madrasa hata mwezi mmoja, unaijua.

Wamarekani wana Ijumaa Nyeusi ya punguzo la bei. Ijumaa, nyeusi? Mwaka 2014 Souq wakaipaka rangi upya: Ijumaa Nyeupe!

Sasa sikia hii. Kikapu cha mtandaoni kinaweza kufufua ulichokifuta! Mwaka 2007 wahandisi wa Amazon walieleza mfumo wao, Dynamo: nakala za kikapu chako hukaa kwenye kompyuta kadhaa, na zikipishana kauli, huunganishwa zote. Ulichoongeza hakipotei, ulichotoa, mara mojamoja hurudi. Bora mteja aitoe sabuni mara ya pili kuliko duka kukosa mauzo. Muuza duka ni muuza duka tu, hata akiwa kompyuta.

Na kompyuta zilizo mbalimbali husemezana haraka kiasi gani? Riyadh hadi Jeddah ni kilomita 950 hivi za barabara, mchana kutwa kwenye usukani. Mwanga ndani ya mkongo wa intaneti hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali huo ni milisekunde 5 tu! Wewe ukipepesa jicho, wenyewe umeshakwenda na kurudi mara kumi.

Basi wa Riyadh na wa Jeddah wakibonyeza "nunua" karibu pamoja, kiatu kimebaki jozi moja, nani katangulia? Usiulize saa, saa za kompyuta mbili hazilingani sawasawa. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha namna ya kupanga matukio bila saa: kila kompyuta huhesabu matukio yake, na kila ujumbe unaotumwa hubeba hesabu hiyo.

Na wewe mwenye papara, umebonyeza "lipa" mara tatu? Oda yako ina namba yake. Mfumo uliotengenezwa vizuri ukiiona namba ileile tena, unanyamaza.

Ila mkongo nao hukatika. Septemba 2025 mikongo ilikatika chini ya Bahari ya Shamu, karibu na Jeddah. Intaneti ikazorota hadi India na Pakistan!