Safari ya takwimu za afya kutoka Kakuma hadi Lodwar, na zinakopotelea njiani

KILA mwezi mpya unapoanza, muuguzi wa zahanati iliyoko Turkana Magharibi hufungua daftari lake na kuanza kuhesabu: watoto wangapi waliharisha, wangapi walipewa chanjo ya surua, akina mama wangapi walijifungulia pale. Jumla hizo huandikwa katika fomu za Wizara ya Afya, kama vile MOH 705A ya magonjwa ya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano na MOH 710 ya chanjo. Fomu hutakiwa ziwe zimefika katika ofisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5. Afisa wa kumbukumbu za afya naye ana hadi tarehe 15 kuziingiza katika tarakilishi.

Msomaji angedhani kwamba kazi imekwisha hapo. Takwimu zimo mtandaoni, na wakuu wa afya mjini Lodwar, kiasi cha kilomita 120 kutoka Kakuma, wanaweza kuzitazama bila kungoja gari. Hata hivyo, kati ya faili iliyohifadhiwa kwenye seva ya mbali na ripoti inayosomwa mezani kuna hatua moja isiyozungumzwa sana, nayo ni ile ya kuichukua faili hiyo na kuiingiza katika programu inayoandaa ripoti. Katika hatua hiyo zahanati nzima inaweza kutoweka, na ripoti ikatoka safi kana kwamba hakuna kilichokosekana.

Kenya imepitia mengi katika jambo hili. Kabla ya mwaka 2011, wilaya zilijaza majedwali ya Excel na kuyapeleka kwenye seva ya Wizara jijini Nairobi kwa njia ya FTP, ambayo ni utaratibu mkongwe wa kuhamisha faili kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Faili zilifika, lakini zilikaa pale kama barua zisizofunguliwa. Wilaya iliyozituma haikupata njia rahisi ya kuona takwimu zake zikiwa zimejumlishwa. Mwaka 2011 Wizara ilianza kutumia DHIS2 nchini kote. Hii ni programu iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na mizizi yake ni kazi iliyofanywa Afrika Kusini katika miaka ya tisini baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi. Mfumo huo wa Kenya sasa hujulikana kama KHIS.

Kwa kuwa afisa anaweza kuandika takwimu moja kwa moja mtandaoni, baadhi ya watu huuliza faili zinahitajiwa kwa nini tena. Sababu zipo, na Kakuma inazionyesha vizuri kuliko mahali pengi. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lina mfumo wake lenyewe wa taarifa za afya za wakimbizi. Raia wa Turkana hutibiwa katika vituo vya kambini, na wakimbizi nao hufika katika hospitali zilizo nje ya kambi. Anayetaka picha moja ya maradhi ya eneo hilo hana budi kuchota faili kutoka seva zaidi ya moja na kuziunganisha.

Kikwazo cha kwanza ni safari yenyewe. Mawasiliano yakikatika faili inapopakuliwa, kinachobaki kwenye tarakilishi ni kipande tu. Faili ya maandishi ambayo safu zake zimetenganishwa kwa koma, aina ya CSV inayotumiwa sana katika kazi hii, hufunguka vizuri hata ikiwa imekatika katikati. Haina mlango wala kufuli. Mistari 200 ya kwanza ikifika na 200 ya mwisho ikakosa kufika, programu nyingi hazitalalamika. Kwa hiyo aliyezoea kazi hulinganisha kwanza ukubwa wa faili aliyoipokea na ule ulioonyeshwa na seva, kisha huhesabu mistari.

Kikwazo cha pili ni majina, na hapa mimi kama mhariri nina la kuungama. Katika chumba cha habari nimewahi kupitisha ukurasa mmoja ulioandika Lokichoggio, Lokichogio na Lokichokio, kila taarifa na tahajia yake, na hakuna msomaji aliyepotea njia. Tarakilishi haina huruma hiyo. Kwake yeye hayo ni mahali patatu tofauti, kama ambavyo Kalobeyei na Kalobeiyei ni mahali pawili. Ndiyo maana vituo vya afya nchini vina nambari za utambulisho katika orodha kuu ya Wizara, na faili inayotarajiwa kuingizwa vyema hutumia nambari hizo badala ya majina.

Mipaka ya utawala nayo huleta taabu yake. Turkana, iliyokuwa wilaya moja ya Mkoa wa Bonde la Ufa, iligawanywa katika wilaya kadhaa, kisha mwaka 2013 ikawa kaunti moja yenye kaunti ndogo. Anayetaka kulinganisha surua ya miaka ile na ya sasa atakutana na faili zinazotaja maeneo ambayo programu haiyatambui tena.

Tuchukue mfano wa kubuni. Afisa aliye Lodwar anaingiza faili yenye mistari 412. Programu ikimaliza humpa muhtasari: mistari 398 imepokelewa, 14 imepuuzwa. Neno hilo “imepuuzwa” linasikika jepesi, na asilimia inayokosekana ni ndogo. Lakini huenda mistari hiyo 14 yote ni ya zahanati moja ambayo nambari yake ilikosewa tarakimu, na huenda mwezi huo ndio zahanati hiyo ilioandikisha watoto wenye surua. Katika ripoti, surua haitaonekana kupungua wala kuongezeka. Haitaonekana kabisa.

Hapa pana tofauti ambayo ningependa kila anayesoma ripoti aifahamu: sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja. Sifuri ni ushahidi kwamba muuguzi alihesabu na hakukuta mgonjwa. Nafasi tupu yaweza kumaanisha kwamba hakuhesabu, au fomu ilikwama upande wa pili wa mto Tarach uliofurika, au mstari ulipuuzwa. Baadhi ya watu hujaza sifuri penye nafasi tupu ili jedwali lipendeze. Kufanya hivyo ni kutoa ushahidi ambao hakuna aliyeutoa.

Tarehe nazo zina mitego. DHIS2 huutambua mwezi wa Machi 2024 kama 202403. Faili ikiandika 03/04/2024, Mkenya ataisoma kuwa tarehe tatu ya Aprili, ilhali tarakilishi iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itaisoma kuwa tarehe nne ya Machi. Wagonjwa wa mwezi mmoja wanahamia mwezi mwingine bila kelele yoyote.

Na je, faili ikiingizwa mara mbili? Wengi huhofu kwamba hesabu itaongezeka maradufu. Katika DHIS2 haiwi hivyo, ilmradi kituo, mwezi na aina ya takwimu ni vile vile: thamani mpya hufuta ya zamani. Hatari iko kwingine. Iwapo muuguzi alipiga simu wiki iliyopita na kosa likasahihishwa, kisha mtu akaingiza tena faili ya kale, masahihisho yale yanafutika. Hesabu maradufu hutokea pale kituo kimoja cha Kakuma kinapokuwa na utambulisho wa aina mbili kutokana na mifumo miwili. Wagonjwa wale wale wakaingia kwa milango miwili.

Wanaoharakisha kabla ya tarehe 15 hukumbwa na jambo jingine. Takwimu zikishaingizwa, hazionekani papo hapo katika majedwali na ramani za mfumo. Ni lazima kwanza programu ijenge upya majedwali yake ya uchambuzi, kazi ambayo kwa kawaida hupangwa ifanywe usiku. Afisa asiyejua hili hufungua ripoti, huona pengo, huamini kwamba ameshindwa na kuingiza faili upya, wakati mwingine ile isiyofaa.

Athari zake si za karatasini tu. Idadi ya watoto waliochanjwa hugawanywa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwa katika eneo hilo. Ikiwa watoto wa kambini wamehesabiwa upande mmoja wa mgawanyo na kuachwa upande wa pili, kiwango cha chanjo huweza kupita asilimia 100, na kaunti ndogo ikasifiwa huku vijiji vyake vya wafugaji vikiwa havijafikiwa. Dawa na vyakula vya watoto wenye utapiamlo navyo huombwa kwa kuzingatia hesabu hizi hizi.

Programu ina njia ya kumwezesha afisa kuijaribu faili kabla ya kuiingiza, ikamwonyesha kitakachopokelewa na kitakachopuuzwa huku takwimu zilizomo zikibaki vile vile. Inachukua dakika chache. Baada ya hapo kuna ukaguzi ambao hauhitaji intaneti: kuchukua nakala ya fomu ya zahanati moja ya Kakuma, kuchagua tarakimu tatu, na kuzitafuta katika ripoti ya Lodwar asubuhi inayofuata. Moja ikikosekana, faili yote hurudiwa kusomwa, mstari kwa mstari, kuanzia nambari ya kituo.